Jinsi ya kuiangalia Dor na mama zetu hata kama nyumbani hakuna anayejua Kihindi

Muvi inaitwa Dor, ya mwaka 2006, ya Nagesh Kukunoor, na kama hujawahi kuisikia sishangai maana haina mapigano wala harusi ya siku saba wala wacheza shoo mia wenye nguo za kumeremeta, ni wanawake wawili tu na karatasi moja ya kusaini. Mi nimeiangalia mara nyingi, mara ya kwanza peke yangu na baada ya hapo na mama, na mashangazi, na bibi yangu mzaa mama kule Tanga ambaye hasomi maandishi ya chini na Kihindi hajui, ila muvi za Kihindi amezikulia toka enzi za majumba ya sinema. Nilichojifunza ni kwamba ukiiweka tu icheze watu watasinzia kabla ya nusu saa, ila ukiiandaa vizuri hakuna anayelala na hata chai inapoa kwenye vikombe. Kwa hiyo hapa naandika ninavyofanya mimi, na nitaieleza mpaka mwisho kabisa, kwa sababu anayetafsiria wenzake lazima aijue yote, asipoijua atawapoteza njiani.

Kwanza hadithi yenyewe, ishike kichwani. Kuna Zeenat (Gul Panag), Muislamu wa Himachal Pradesh, huko milimani kaskazini mwa India kwenye kijani na baridi. Ameolewa na Amir, wazazi wa mume hawakuridhia sana, na mume akaondoka kwenda Saudia kutafuta maisha. Alafu kuna Meera (Ayesha Takia), Mhindu wa Rajasthan, jangwani, binti mdogo bado, ameolewa kwenye ukoo wa Kirajput, watu wa tabaka la wapiganaji wa zamani, wenye jumba kubwa la kizamani, jina kubwa na madeni makubwa, na mume wake Shankar naye yuko Saudia anatuma hela. Wale wanaume wawili wanakaa chumba kimoja. Siku moja Shankar anakufa na Amir anakamatwa kwa kumuua. Zeenat anaambiwa na afisa wa serikali kwamba sheria ya kule inaruhusu mume wake asiuawe endapo mke wa marehemu atasaini hati ya msamaha. Jina la mjane hajui vizuri, kijiji hajui, ana picha moja tu ya wale wanaume wamesimama pamoja, anaifunga safari.

Sasa hapo ndo wengi wanaharakisha kwenye kutafsiri na ndo panapoharibika. Usiseme tu "anaenda kuomba msamaha". Eleza kwa nini saini ya mwanamke mmoja inaweza kuzuia kifo. Kwa watu wetu wa pwani hili si geni, wanajua kisasi na wanajua diya, yaani fidia ya damu, wanajua kwamba kwenye sheria ya Kiislamu haki ya kudai kisasi iko mikononi mwa warithi wa aliyeuawa na wao wanaweza kusamehe, kwa diya au bila diya. Na kama kuna mtu sebuleni anadhani ni mambo ya kutunga mkumbushe yule Mkenya aliyekaa gerezani Saudia zaidi ya miaka 10, akiwa na hukumu ya kifo baada ya kumuua mfanyakazi mwenzake, mpaka familia ya marehemu ikakubali diya, ikalipwa, akarudi nyumbani 2025. Watu walichanga, watu waliomba dua, ilikuwa habari ya kila siku. Ukilitaja hilo kabla hujabonyeza pleya kila mtu anakaa sawa, maana nani hapa hana ndugu Saudia au Oman au Dubai.

Kwenye muvi wameirahisisha sheria kidogo, wamemfanya mjane peke yake ndo mwenye kalamu. Mi sioni kama ni kosa, ni uamuzi wa mwandishi, kwa sababu anataka tumtazame mtu ambaye nyumbani kwao hana ruhusa ya kuamua hata rangi ya nguo yake, halafu ghafla maisha ya mwanaume mzima yako kwenye vidole vyake. Hilo ndo jambo la kuwa nalo kichwani muda wote unapotafsiri. Nani ana haki ya kuamua, na anaamua kwa ajili ya nani.

Jambo la pili la kuwaandaa watu ni ujane. Mama zetu wanajua eda, miezi minne na siku kumi, hakuna manukato hakuna mapambo hakuna kwenda harusini, ila eda ina mwisho wake, siku inafika mtu anaoga anatoka na akipata mchumba anaolewa. Kwa Meera hakuna siku ya kutoka. Sheria ya kuruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena India ipo toka 1856, wakati wa Waingereza, lakini sheria ikiwa kwenye karatasi na mila ikiwa ndani ya nyumba unajua ipi inashinda. Meera anavuliwa mapambo, anavishwa nguo za giza, haruhusiwi kutoka isipokuwa kwenda hekaluni, na nyumba nzima inamwangalia kama yeye ndo kaleta nuksi. Bibi yangu aliposikia hivyo alisema neno moja tu, "milele?" nikamjibu ndiyo bibi, milele, akavuta kanga akajifunga kichwa akakaa mbele kidogo kwenye mkeka. Hapo nikajua tutaimaliza.

Haya tuje kwenye maandalizi ya mikono.

Tafuta kopi nzima. Hii muvi ina urefu wa karibu saa mbili na nusu na kopi nyingi zinazozunguka kwenye fleshi zimekatwa, mi mara ya kwanza kuionyesha nyumbani niliuziwa CD ambayo robo saa ya mwisho ilikuwa inakwamakwama tu, tukaishia stesheni ya treni bila kujua nini kimetokea, mama alikasirika kwa haki. Kwa hiyo ikague usiku kabla. Nenda mwanzo, nenda katikati, nenda dakika kumi za mwisho. Hakikisha sabutaito zinaenda sawa na midomo, kwa sababu zikichelewa hata sekunde tatu wewe mtafsiri utakuwa unamtafsiri mtu ambaye ameshanyamaza. Kama ni ya kutazama kwa bando basi idaunilodi mapema, usitegemee mtandao wa jioni.

Sauti muhimu kuliko ukubwa wa skrini. Hata kama ni laptopu ndogo, chomeka sabufa, kwa sababu muziki wa Salim na Sulaiman kwenye hii muvi unafanya kazi ambayo maneno hayafanyi. Ila sabufa usiipandishe mpaka ikakuzidi wewe, maana wewe ndo unaongea juu yake.

Muda, mi nachagua jioni ya Jumamosi baada ya magharibi, chakula kimeshaliwa, watoto wadogo wamelala. Si kwamba ina mambo machafu, hapana, haina, ila ni muvi yenye ukimya mwingi na mtoto anayeuliza "sasa anafanya nini" kila dakika anaukata ule ukimya. Wasichana wa kuanzia miaka kumi na mbili hivi waache wakae, tena waite kabisa.

Na watu wa kualika. Hapa nina maoni yangu na nayasema wazi, alika wanawake wawili ambao hawaelewani sana. Wifi na wifi, mama mkwe na mkwe, majirani ambao wanasalimiana kwa kukatiza. Si kwa kuwatega, usiwaambie kitu, wape tu mahali pa kukaa. Na kama kuna mjane kwenye ukoo mualike yeye kwanza, lakini mwambie mapema inahusu nini, mpigie simu umwambie "shangazi, ni muvi ya mwanamke aliyefiwa na mumewe ughaibuni, utapenda au nisubiri siku nyingine?" Shangazi yangu mmoja alikataa mwaka ule, akaja mwaka uliofuata mwenyewe. Ni haki yake.

Sasa namna ya kutafsiri. Kosa kubwa tunalofanya tuliokulia kwenye muvi za kutafsiriwa ni kudhani mtafsiri lazima aongee muda wote. Zile ni raha zake, mi nazipenda, lakini kwa Dor fanya kinyume. Tafsiri mwanzo wa mazungumzo, toa maana yake kwa sentensi moja mbili, alafu kaa kimya uwaache waangalie uso. Tumia maneno ya nyumbani. Zeenat akimwita Meera rafiki mi nasema "shoga", bibi anaelewa uzito wake hapohapo. Ile hati wao wanaiita maafinama, usihangaike kutafuta neno la mahakamani, sema "karatasi ya msamaha" basi.

Na waambie watege masikio, kwa sababu maneno mengi tunayo. Rang ni rangi, imaan ni imani, duniya ni dunia, safar ni safari, waqt ni wakati, khabar ni habari. Kuna wimbo mle unaitwa Imaan Ka Asar, yaani athari ya imani, wala huhitaji mtafsiri. Nilivyomwambia bibi hivyo akaanza kuwinda maneno, kila akilisikia moja anapiga paja, na mtu anayewinda maneno hasinzii.

Ikianza, dakika zile za mwanzo usizitafsiri sana. Wanaturuka, mara milimani mara jangwani, mara kwa Zeenat mara kwa Meera, na wasiojua watauliza hawa ni ndugu au vipi. Sema tu, "hawa hawajuani, mmoja yuko baridini mmoja yuko jangwani, waume zao wako pamoja." Waonyeshe rangi. Kwa Zeenat ni kijani na bluu ya mbali, kwa Meera mchanga wa njano na yeye katikati kwa nguo kali za kung'aa, na anacheza cheza anapokuwa peke yake, ni msichana bado. Waambie waikumbuke hiyo nguo. Kwa sababu ikija ile sehemu ya msiba rangi zinaondoka, na kuna wimbo wa kienyeji wa Rajasthan, Kesariya Balam, wimbo wa kumkaribisha mpenzi arudi nyumbani. Unapigwa kwa mtu ambaye hatarudi. Hapo nyamaza kabisa. Ukitaka sema kabla haujaanza, "huu ni wimbo wa kumwita mtu arudi," alafu basi, usiongeze. Sisi watu wa pwani ambao taarabu zetu zimekopa sana kwenye muvi za Kihindi hatuhitaji kuelezwa wimbo wa namna hiyo unachofanya kifuani.

Kuna yule jamaa behroopiya, Shreyas Talpade, mtu wa kujigeuza sura na kuigiza sauti za watu, kazi ya kienyeji ya India ya zamani. Anamwibia Zeenat kwanza, baadae anamwokoa na kumsaidia kutafuta mpaka wanafika Jodhpur, mji wa huko Rajasthan, na kuipata familia. Vichekesho vyake vingi ni vya kuiga waigizaji maarufu, mtu asiyewajua hatacheka, kwa hiyo hapo ndo pa kwenda kuchemsha chai nyingine au kujibu maswali ya nyuma. Lakini usimkate, mi niliwahi kumrukisha kwa kupeleka mbele nikaona baadae watu hawaelewi huyu mwanaume ni nani na kwa nini anasikitika. Anampenda Zeenat na anajua anamsaidia kumwokoa mume wake. Anastahili dakika zake.

Zeenat anakwenda kwanza kwa wakubwa wa nyumba, baba mkwe ni Girish Karnad, anawaeleza, wanamfukuza kwa hasira. Hapo mashangazi huwa wanagawanyika, wengine wanasema "ana haki baba wa watu, mwanae kauliwa," na mi nawaacha wagombane kidogo, nasimamisha muvi kabisa, kwa sababu ni kweli ana haki. Ukiwafanya wale wakwe kuwa mashetani toka mwanzo umeipunguzia muvi nguvu. Ni wazee waliofiwa na mtoto, na deni liko mlangoni.

Baada ya hapo hekaluni. Hapa ndo roho ya muvi. Zeenat anamfuata Meera sehemu pekee anayoruhusiwa kwenda, anafika mbele yake, anafungua mdomo, na maneno hayatoki. Anaogopa akisema ukweli atakosa saini. Kwa hiyo anakuwa rafiki kwanza. Waeleze watu wako vizuri, kwa sababu kuanzia sasa kila kicheko mle ndani kina kitu chini yake, sisi tunajua na Meera hajui. Anamletea yule binti hewa. Wanazungumza, wanatoroka kidogo, kuna sehemu wanacheza jangwani kwenye mchanga, Meera na nguo zake za ujane anazunguka kama zamani. Wengine sebuleni watapiga makofi. Bibi yangu hakupiga, alisema taratibu, "huyu mwingine anamla mwenzie." Mama akamjibu, "hapana mama, anampenda, si unamwona?" Wakabishana mpaka wakaikosa sehemu nzima nikarudisha nyuma. Wote wawili walikuwa sahihi nadhani, na Kukunoor amefanya kusudi isijulikane mwanzo wa kutumia uko wapi na mwanzo wa kupenda uko wapi. Mimi nikikwama kusema kitu hapo nasema tu "Zeenat mwenyewe hajui".

Ukitaka kuona kazi ya Ayesha Takia, mwangalie shingo na mikono. Alikuwa hata miaka 21 hajafika vizuri alipoifanya hii, na kabla ya hapo watu walimzoea kwenye muvi za mapenzi ya kawaida. Mwanzo wa ujane anatembea kama anabeba ndoo kichwani, ameinama, kila wiki ya urafiki inavyopita shingo inanyooka. Hakuna mtu anayelisema hilo kwenye maneno. Mwambie aliye karibu na wewe aangalie, mnong'oneze.

Wakati huo baba mkwe ana mpango wake. Kuna tajiri mmoja mwenye kiwanda, Chopra, anayewadai, na anamtaka Meera. Kukunoor mwenyewe ndo kaigiza huyo tajiri. Hapa tafsiri moja kwa moja, usipambe, sema "wanataka kumtoa mkwe wao kwa tajiri ili jumba libaki". Watu watashtuka na waache washtuke. Ile familia iliyosema mjane ni nuksi ikaona nuksi ina bei. Na tazama kwamba hakuna aliyemuuliza Meera, kama ambavyo hakuna aliyemuuliza kuhusu karatasi, baba mkwe alikataa kwa niaba yake.

Inakuja simu. Tarehe ya kuuawa Amir imepangwa, muda umeisha, Zeenat lazima aseme. Hapa sheria yangu ni moja na siivunji: hakuna kuongea. Tafsiri kabla. Simamisha muvi dakika moja kabla, waambie, "sasa anamwambia ukweli, na Meera atakataa, na atamwambia kwamba urafiki wote ulikuwa uongo." Ukishasema hivyo weka mikono chini. Wakiwa wanajua kitakachosemwa hawahitaji wewe, wataangalia. Mtu atasema umewaharibia, hapana, kwenye muvi hii kujua hakuharibu kitu, utaona wanalia vilevile.

Na akikataa, usimharakishe Meera. Nimeshaona watu wanaanza kumsihi ndani ya skrini, "saini mwanangu, saini, Mungu atakulipa," na mwingine anasema, "asisaini, kamwongopea." Mi nawaambia mpeni nafasi yake. Zeenat anasema pengine ilikuwa bahati mbaya, lakini yeye hakuwepo kwenye kile chumba, wala Meera hakuwepo, anajua tu mume wake alivyo. Meera naye anamjua wake. Msamaha unaoombwa kwa haraka kwa sababu siku imeshapangwa, huo mtu anaombwa akiwa amebanwa ukutani, na ni kweli ana hasira ya kufiwa na hasira ya kudanganywa, mbili kwa pamoja. Mama zetu wanaambiwa sana "samehe" kabla hata machozi hayajakauka. Mi ndo maana naipenda hii muvi, inamwacha akatae kwanza.

Kisha kuna mazungumzo ya Meera na bibi wa ile nyumba, naye mjane wa miaka mingi, Uttara Baokar ndo kaigiza. Hii sehemu ni fupi na sauti ni za chini na mi mara moja niliipita juu juu kwa sababu muda ulikuwa umekwenda, kosa ambalo sitalirudia. Huyu bibi muda wote alikuwa kwenye kona, mtu anamsahau. Yeye ndo anamfungulia Meera njia, mtu mwenye maisha yote ya ujane nyuma yake anamwangalia msichana mwenye maisha yote ya ujane mbele yake. Ongeza sauti. Washa taa hata, kama mtu amesinzia muamshe. Bibi yangu mzaa mama sehemu hii ndo aliomba nirudishe, mara mbili, na mara ya pili alikataa nisitafsiri, akasema ameshaelewa.

Mwisho ni stesheni. Treni inaondoka, Meera anakimbia na karatasi mkononi imeshasainiwa, Zeenat yuko mlangoni. Anaipokea. Alafu ananyoosha mkono tena, na Meera anaushika, anapanda. Mama zetu wote wanakumbuka ile treni ya Shah Rukh Khan na Kajol kwenye Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, mkono ule ule, mlango ule ule, kwa hiyo watakwambia "ah hii tumeiona". Waambie waangalie vizuri ni mkono wa nani. Pale kulikuwa na baba anamwachia binti mkono aende kwa mchumba. Hapa hakuna aliyemwachia, na anayemvuta juu ni mwanamke ambaye alikuja kumwomba kitu, na kitu chenyewe ameshapewa, angeweza kuondoka zake.

Muvi ikiisha usiwashe televisheni. Zima sabufa. Mi huwa nauliza swali moja tu, "wewe ungesaini siku gani?" Si kama ungesaini au usingesaini, siku gani. Siku ya kwanza alipokuja mlangoni, siku ya hekaluni kama angesema kweli, siku ya simu, au usingesaini kabisa. Majibu yatakushangaza, kuna shangazi niliyedhani ni mkali kuliko wote akasema siku ya kwanza, kwa sababu alishawahi kusubiri simu ya mtoto wake kutoka Muscat wiki tatu bila kupata, akasema mke wa yule mfungwa ni mimi. Na mama mpole akasema yeye angesubiri adanganywe na apendwe kwanza. Wale wawili ambao hawaelewani usiwaulize moja kwa moja, watajibu wenyewe kupitia majibu ya wengine.

Wakitaka zaidi, kwa wiki inayofuata tafuta Perumazhakkalam, ya Kimalayalam, 2004, ya mwongozaji Kamal, ndo mama wa Dor, hadithi imetoka huko. Jina maana yake msimu wa mvua kubwa, na kweli mvua inanyesha, kinyume kabisa na jangwa la Kukunoor. Ni Kerala, jimbo la kusini mwa India ambalo watu wake wengi wana ndugu nchi za Ghuba, kwa hiyo wanalijua jambo hili kwa ndani. Meera Jasmine ni mke wa mfungwa, Kavya Madhavan ni mjane na alipata tuzo ya jimbo ya mwigizaji bora kwa ajili yake. Ile haina yule mjigeuzaji wa kuchekesha, ni nzito, machozi yanatoka mapema. Mi naona Dor ina hewa zaidi na urafiki wake umejengwa taratibu zaidi, mama yangu anasema ya mvua ndo ya kweli kwa sababu mwenye kufiwa hachezi mchangani. Ianze Dor kwanza hata hivyo, kopi ya Perumazhakkalam yenye sabutaito zinazoenda sawa ni ngumu kuipata, mi ilinichukua muda, na ukiipata ikague mpaka dakika kumi za mwisho kama nilivyosema.